Sauti Isiyo na Mwenyewe

Hakuna mwizi mkubwa kuliko kukawia. Mwizi wa nyumba huchukua vyombo, na vyombo hununuliwa tena. Kukawia huchukua siku za kijana, na siku hazina duka. Insha hii ni mashtaka juu ya mwizi huyo. Mimi naona kuwa hapana mahali aibapo kwa raha kama katika nyumba yenye kijana aliyeanza kusikia sauti zisizo na mwenyewe.

Mfikiri, ewe msomaji, kijana wa miaka 17 akaaye Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Jana alikuwa kama wewe: asubuhi alikwenda shule, jioni aliketi barazani na wenzake. Leo hataki baraza, na usiku halali. Akipita Ndia Kuu husikia watu wakilitaja jina lake, na akigeuka haoni mtu. Sauti mbili hushindana juu yake. Moja humtukana, na ya pili humwamuru. Masikio yake hayana kasoro wala hasemi uongo. Kwake yeye sauti zile ni kweli kama mlio wa vikombe vya muuza kahawa kichochoroni.

Jamaa hukutana kufanya shauri. Mmoja husema ni pepo. Wa pili husema ni kijicho cha hasidi. Wa tatu husema ni bangi. Wa nne husema kijana apelekwe hospitali, naye huambiwa anyamaze asiiaibishe nyumba. Basi mwezi hupita, na mwezi hufuata, na aghalabu mwaka humalizika. Nasema wazi kuwa kumnyamazisha yule wa nne ni dhuluma, na anayedhulumiwa ni mgonjwa.

Tuanze na maradhi yenyewe. Si kila asikiaye sauti ni mgonjwa wa akili. Mfiwa huweza kusikia sauti ya marehemu wake. Mtu asinziaye huweza kusikia akiitwa. Mwenye homa kali ya malaria huweza kuweweseka. Lakini sauti zinapodumu, na pamoja nazo kijana akapoteza usingizi, akawatuhumu watu wote na kuliacha somo alilolipenda, hizo ni dalili za maradhi yamtengayo mtu na hali halisi ya mambo. Baadhi ya wagonjwa hao baadaye huonekana kuwa na skizofrenia, maradhi yaliyowapata watu zaidi ya milioni 20 duniani. Aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu. Angalia umri huo vizuri, kwa kuwa ndio umri wako na wa wenzako wa darasani. Bangi huzidisha hatari yake. Na jambo wanalokubaliana mabingwa ni hili: kadiri matibabu yanavyokawia, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Sauti hizo hutoka wapi? Mitambo ya kupiga picha za ubongo imeonyesha kuwa saa ile mgonjwa asikiapo sauti, sehemu za ubongo zihusikazo na kusikia na kusema huwa kazini, ingawa hapana mtu aliyefungua kinywa. Kila mmoja wetu husema na nafsi yake kimoyomoyo, na huyajua maneno hayo kuwa ni yake. Wataalamu wengi hudhani kwamba katika maradhi haya alama ya mwenyewe hupotea, na ubongo huyasikia maneno yake kama maneno ya mgeni. Kama dhana hiyo ni kweli, sauti isiyo na mwenyewe inaye mwenyewe, ila hamtambui.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamejaribu kuufikia ubongo bila kisu. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa sumaku ibadilikayo huzaa umeme katika waya. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, katika mji wa Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha mtu. Waya uliozungushwa mfano wa kata ya mchukuzi huwekwa juu ya kichwa. Umeme ukipita katika waya, nguvu ya sumaku hupenya mfupa bila kuupasua, na huamsha umeme mdogo katika ubongo. Mwaka 2000 Ralph Hoffman na wenzake wa chuo cha Yale, Marekani, walitoa habari za wagonjwa waliopigwa mapigo hayo pole pole, pigo moja kwa kila sekunde, upande wa kushoto juu ya sikio. Sauti za baadhi yao zilipungua. Mwaka 2012 wataalamu wa Lyon, Ufaransa, walitoa habari za njia nyingine, ya kupitisha umeme dhaifu sana kichwani kwa dakika 20 kila mara, nao waliona nafuu kwa wagonjwa wao. Sasa wako wanaouliza kama njia hizi zitawafaa zaidi vijana ambao maradhi yao ni mapya.

Hii ni elimu nzuri, lakini hapa nakuonya. Majaribio mengine yaliyofuata, ambayo baadhi ya wagonjwa waliwekewa chombo cha uongo bila kujua, hayakuona tofauti kubwa baina ya chombo cha kweli na cha uongo. Mwaka 2020 taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba ilisema njia ya sumaku kwa sauti hizi itumiwe katika utafiti tu. Basi atakayekuja kesho na mtambo na tangazo, akikwambia kuwa atazifuta sauti za ndugu yako kwa siku tano, mwulize ushahidi wake kama umwulizavyo mpunga pepo. Mwuza ngoma na mwuza mtambo ni ndugu ikiwa wote wawili humwambia mgonjwa aache dawa na awangoje wao.

Sasa tuwakabili wapinzani wetu, kwa kuwa hoja zao si nyepesi.

Husema kwanza kuwa hospitali ya wazimu ni jambo la mkoloni. Ni kweli, na historia yake ina doa. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wenye ndui. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wake, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akadai kuwa Mwafrika hutumia kidogo tu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Hilo lilikuwa tusi lililovaa joho la elimu. Walakini kosa la mganga si kosa la dawa. Tena kumtibu mgonjwa wa akili hakukuzaliwa Ulaya peke yake: hospitali ya Sultani Qalawun mjini Kairo, iliyomalizika mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa hao.

Husema pili kuwa dawa ni dua. Sina ugomvi na dua. Kisomo cha mzee hutuliza nyumba, na mgonjwa aombewaye hujua kuwa hakutupwa. Dini haikumkataza mgonjwa kutafuta dawa, bali humhimiza. Sheikh asemaye, "Tutamsomea, na asubuhi mpelekeni kwa daktari," ametenda haki mara mbili. Ninayemshtaki ni yule asemaye vidonge vitamkasirisha pepo, kisha akadai ada ya ngoma ya siku saba, na siku saba nyingine, hata nyumba ikauza dhahabu ya mama na mgonjwa akabaki vile vile.

Husema tatu kuwa vidonge humfanya mtu zuzu. Ni kweli kwamba dawa hizi, ambazo ya kwanza yake ilianza kutumiwa Paris mwaka 1952, zina madhara: huweza kuleta usingizi, unene au mtetemeko. Lakini daktari huweza kupunguza kipimo au kubadili dawa, na mgonjwa ana haki ya kulidai hilo. Mbio za sauti zitukanazo usiku na mchana hazina wa kupunguza kipimo.

Husema nne kuwa ni aibu, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, maana haisemwi kwa sauti. Nani atamposa dada wa mwendawazimu? Nani atampa kazi? Ewe mwanafunzi, hapa sina budi kukugeukia wewe. Ni nani hufanya jina la Port Reitz kuwa mzaha, huko ng'ambo ya Makupa ambako kwa miaka mingi wagonjwa wa akili wa pwani wametibiwa? Ni nani humwambia mwenzake kuwa amekosa kitanda Mathari? Wenzetu wa Tanzania hufanya vivyo hivyo kwa Mirembe ya Dodoma na Kidongo Chekundu ya Unguja. Kila mzaha wa namna hiyo ni komeo tulitialo katika mlango wa hospitali. Mama akumbukapo vicheko hivyo humficha mwanawe chumbani, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na katika chumba hicho mara nyingine pana mnyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wafungwao minyororo kwa sababu ya maradhi ya akili katika nchi kama 60, na Kenya ilikuwamo. Simama ufukoni mwa Mji wa Kale uangalie ng'ambo. Huko Frere Town, tangu mwaka 1875, walikaa watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na mahali pale pangali huitwa Kengeleni kwa ajili ya kengele iliyoonya juu ya wateka watu. Sisi tuonao fahari kwa kukoma kwa minyororo ile, tuna udhuru gani wa kumfunga mtoto wetu kwa sababu anaumwa? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inakataza ukatili juu ya mtu, na katika ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya. Mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Sheria haikosekani, kinachokosekana ni ujasiri wa kupita nayo mlangoni.

Basi wewe utafanya nini? Huenda ukawa wa kwanza kuambiwa. Mwenzako atakuvuta pembeni na kukuuliza kama nawe umesikia. Usimcheke, wala usimwambie kuwa husikia kitu, kana kwamba umemshika uongo. Mwambie: "Mimi sisikii, lakini naona wewe unasikia, na jambo hili linakutesa. Twende kwa mwalimu. Twende kwa mama yako." Akisema sauti zinamwamuru kujidhuru au kumdhuru mtu, usimwache peke yake, wala usiitunze siri hiyo hata kwa saa moja. Kisha nyumbani kwao, wazee watakapofanya shauri, kaa upande wa yule wa nne aambiwaye anyamaze.

Huenda siku moja sumaku ikathibitika kuwa dawa, na huenda mmoja wenu msomao ukurasa huu akawa miongoni mwa watakaoithibitisha. Tutafurahi. Lakini kijana wa Kibokoni hawezi kuingoja siku hiyo. Anahitaji kesho asubuhi mtu wa kumshika mkono, kumpandisha garini na kumvusha Makupa.