Vijana, tuache kununua antibiotiki nusunusu

Wewe kijana wa Mukuru kwa Njenga, hebu tuambiane ukweli. Koo likikuwasha unafanya nini? Unaingia duka la dawa pale kwa kona, unaitisha vidonge viwili vya amoksilini kwa pesa uliyo nayo, unameza, kesho unarudi kibarua Industrial Area. Ukipata nafuu, hiyo imeisha.

Shida ni kwamba haijaisha. Mara nyingi koo hilo huwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ukiimeza ovyo, bakteria dhaifu mwilini hufa, wagumu hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu dozi pungufu tangu 1945.

Wagumu hao ndio huwa balaa hospitalini. Huhama kwa mikono ambayo haijanawiwa, mipira ya mkojo na mashine za kupumua, wakamwingia mama aliyejifungua kwa upasuaji au mtoto njiti. Hapo dawa za kawaida hazifui dafu. Inabidi damu, mkojo au usaha upelekwe maabara, bakteria waoteshwe, ijulikane ni dawa ipi itawaua. Majibu huchukua siku kadhaa, na mgonjwa yuko hoi. Kisha huja sindano za meropenemu. Zikishindwa, hubaki dawa chache kama kolistini, ambayo inaweza kuumiza figo. Bili nayo inazidi kupanda.

Mwaka wa 2019, usugu huu uliua moja kwa moja takriban watu milioni 1.27 duniani.

Hatusemi lawama zote ni zako. Kama mfuko umekauka na foleni ya kliniki haisongi, utafanyaje? Kenya ilizindua sera ya kukabili usugu wa dawa 2017, lakini karatasi haitibu mtu. Serikali ihakikishe hospitali zinazohudumia Eastlands zina maabara za kuotesha bakteria, na maji na sabuni wodini. Maduka yanayouza antibiotiki bila cheti cha daktari yachukuliwe hatua.

Nawe ufanye yako. Usinunue antibiotiki bila kupimwa, usigawane dozi na rafiki, na umeze jinsi ulivyoelekezwa. Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono kabla na baada ya kumgusa. Na usione haya kumuuliza nesi kwa heshima: "Sista, huu mpira wa mkojo bado anauhitaji?" Swali hilo ni la bure, na huenda likamwokoa mzazi wako.