Vyuma vya rafu vilivyoganda ukutani

Zile nyumba kuukuu za mawe za Ngara ambazo bado hazijabomolewa kupisha maghorofa zina mawe magumu na plasta dhaifu. Mawe hayana neno. Kinachobanduka ni plasta, na kikitoka kipande cha ukubwa wa sahani, mwenye nyumba atakukumbusha siku unayodai amana yako. Kwa hivyo vyuma vya rafu alivyoviacha mpangaji wa zamani usivivamie kwa nyundo.

Kwanza tazama swichi na soketi ziko wapi. Nyaya za umeme aghalabu hupanda au kushuka wima kutoka hapo, na chuma kilicho juu ya soketi ni cha kushukiwa. Zima swichi kuu, ufanye kazi mchana.

Jambo la pili ni vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usipige msasa mkavu. Lowesha mahali pale, futa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wawe nje hadi umalize kusafisha.

Sasa kata rangi pembezoni mwa chuma kwa wembe, kisha uchokoe ile iliyojaa kwenye mfuo wa skrubu. Tia tone la mafuta ya taa, uache hadi kesho yake. (Moto wa kiberiti au mshumaa usiukaribishe hapo kamwe.) Chagua bisibisi inayoujaza mfuo, gonga kitako chake mara mbili tatu ili kutu ishtuke, kaza kidogo, ndipo ulegeze. Mfuo ukiwa umelika, chonga mwingine kwa msumeno wa chuma.

Skrubu ikitoka, kinabaki kilichoishika, na hapa ndipo kuta nyingi huharibiwa. Plagi ya kwanza ya ukutani ilibuniwa na Mwingereza John Rawlings mnamo 1911, ikiwa ya nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya wanyama. Ile ya nailoni ilibuniwa na Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958. Mafundi wa zamani hata hivyo walipenda kupigilia kabari ya mbao katikati ya mawe, na ukutani mwako unaweza kukuta zote tatu.

Plagi ya nailoni hutoka kwa urahisi: rudisha skrubu nusu, ishike kwa koleo, vuta moja kwa moja. Ukitumia nyundo yenye makucha, weka kipande cha ubao chini yake ili plasta isibonyee. Ya juti huvunjikavunjika. Ichokoe kwa msumari.

Kabari ya mbao usiivute. Iliingizwa kwa nguvu, na ikitoka itakuja na udongo wote ulioizunguka. Ichonge kwa patasi hadi iingie ndani nusu inchi, uifunike. Vivyo hivyo kwa bolti iliyojengewa na simiti: ikate, izamishe kwa tindo ndogo ukigonga polepole, na upake ncha yake rangi ya kuzuia kutu, la sivyo doa la kahawia litatokeza tena ukutani. Najua fundi atakuambia kila kitu lazima kitoke. Yeye hulipwa kwa kutoboa na hulipwa tena kwa kuziba.

Tundu lisafishe, ulinyunyizie maji kabla ya kuziba, maana plasta ya zamani hufyonza maji ya simiti nayo ikapasuka. Sehemu moja ya simiti kwa nne za mchanga uliochekechwa yatosha. Jaza mara mbili, kwani ya kwanza itanywea. Rangi ingoje hadi pakauke kabisa, na ipakwe kutoka kona hadi kona, kwa kuwa rangi mpya na ile iliyofifia hazifanani hata kama jina la kopo ni moja.