NJOKERIO SI UA WA NYUMA WA CHUO



Nje ya Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kiko kitongoji cha Njokerio. Bwana Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Wanafunzi walipozidi vitanda vya mabweni, waliopanga chumba walipanga huku. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kodi ikamfaa mwenye ploti, muuza mboga akapata wateja. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, kila mmoja aliona jinsi riziki ya mwenyeji na ya mpangaji zilivyofungamana.

Hata hivyo twasikia hoja kwamba mwanafunzi ni mpita njia, hana haki ya kudai kitu. Twaikataa. Mwanafunzi huondoka, chumba hakiondoki. Akitoka huyu, huingia mwingine. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na maji safi ya kutosha. Haikusema kila mwenye hatimiliki, wala kila mzaliwa wa hapa. Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti taa za barabarani, maji na usafi. Basi palipo na giza au bomba kavu nje ya ua wa chuo, tusikubali kurushwa kama mpira kutoka ofisi hadi ofisi. Mwenye wajibu ameandikwa.

Tena tujihadhari na neno hilo la mpita njia. Katika miaka ya tisini jirani aliitwa doadoa, kisha nyumba yake ikachomwa. Njoro iliwaka Januari 1998, mara tu baada ya uchaguzi wa Desemba 1997. Anayempunguzia jirani uraia leo anamkabidhi mchochezi kiberiti cha kesho.

Kwa hiyo twasema: mwanafunzi, jiandikishe kupiga kura mahali unapolala, kabla ya uchaguzi wa 2027. Mwenye ploti, keti na mpangaji wako, mwandike dai moja, mlipeleke pamoja kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Nanyi makanisa, fungueni kumbi zenu kwa mikutano hiyo; sala isiyomjali jirani aliye gizani ni kelele tupu.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 ili raia awe na sauti. Sauti hiyo na isikike Njokerio.