Mwanafunzi wa udaktari anapozidiwa: asomewe au apelekwe hospitali?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi za Unguja na Pemba hupata "daktari wetu". Kijana wa PCB hajaingia hata darasani, mtaa mzima umeshampa jina. Mbele yake ipo miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, na jina lile analibeba hadi chumba cha mtihani.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA la Marekani ulikusanya tafiti juu ya wanafunzi wa udaktari kutoka nchi zaidi ya 40. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11.1 walifikiria kujiua. Katika wale waliobainika na dalili, waliotafuta tiba ni asilimia 15.7 tu. Takwimu hii ya mwisho ndiyo inayotushughulisha zaidi. Hawa ni watu wanaosomea tiba, na hospitali wanaiona kila siku! Wengi huogopa wataonekanaje.

Sehemu ya mzigo hutokana na namna ya kusoma. Mwaka 1976 watafiti wa Sweden, Marton na Säljö, walimtofautisha anayesoma ili afahamu na anayesoma ili akumbuke maneno tu. Sisi tuliokulia chuoni hatushangai. Hifdhi ya Qur'ani husimama kwa muraja'a wa kila siku mbele ya maalim anayesikiliza na kusahihisha. Anayelundika juzuu usiku mmoja, asubuhi hana kitu. Anayekesha na mitihani ya miaka iliyopita hufanya hayo hayo kwa mishipa na mifupa. Lakini tusimlaumu peke yake. Mtihani unaouliza majina matupu, na mwalimu anayemfedhehesha mwanafunzi mbele ya mgonjwa, ndivyo vinavyomfundisha kukariri na kunyamaza.

Wazazi hutuuliza: kijana halali, hali, ameacha hata sala ya jamaa, asomewe ruqya au apelekwe hospitali? Jawabu letu ni kwamba kumsomea ni jambo jema, wala hakumzuii daktari. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaizungumzia huzuni na hofu kuwa ni mambo ya kutibiwa. Kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu, basi, hakuna elimu ndani yake. Na akitamka kuwa afadhali afe, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe siku hiyo hiyo, iwe Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu, na majirani waseme watakavyosema.

Akiomba kusimamisha masomo mwaka mmoja, au kubadilisha fani, inajuzu. Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya tiba katika fardhi kifaya, na fardhi hiyo imeuangukia umma mzima, haikumwangukia mtoto wenu peke yake.

Wallahu aalam.