Mchezo Ndio Chuo cha Mtoto Mdogo

Mwezi huu twataka kunena habari za watoto tangu mwaka mmoja hata mitatu.

Wengi wetu humsifu mtoto akaaye kimya mkekani, nasi tulikuwa hivyo. Siku moja tulimkemea mwana wetu kwa sababu aliteka maji kwa kifuu, akayamimina katika kikombe na sufuria. Bibi yake akatuambia, "Mwacheni, yuko chuoni." Tukatazama, tukaona ni kweli: alikuwa akijifunza kipi hujaa upesi na kipi hukawia.

Basi, nyumbani mpeni vifuu, avipange kikubwa na kidogo. Mpeni na magunzi, mhesabu pamoja naye. Nje, chezeni naye kibe na ukuti. Njiani mtajieni majina ya miti na ndege, naye ajibu. Shirika la Afya Duniani lilinena mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo yampasa kujongeza mwili dakika zisizopungua 180 kila siku.

Lakini angalieni: kokoto, kunde na vifungo vyaweza kumkaba koo, na maji ya beseni, hata yakiwa machache, yaweza kumwua. Msimwache peke yake, na mchezo ukiisha yamwageni.

Nanyi akina baba, msiseme hiyo ni kazi ya wanawake. Samaki mkunje angali mbichi. Ila mkunjeni kwa furaha, si kwa fimbo.