Anayeuliza bonasi si mchochezi

Hapa Nyaramba kumwita mtu mchochezi kumekuwa rahisi kuliko kumjibu. Msimu wa bonasi ukifika, mkulima akisimama kuuliza kwa nini kilo ya majani chai ya Nyamira inalipwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, anaambiwa anachochea. Mimi nina kishamba cha chai na watoto wawili shuleni. Nilipouliza barazani orodha ya waliopata basari imebandikwa wapi, nikaambiwa ninadharau serikali. Nikaliandika jibu hilo kwenye daftari, maana ndilo pekee nililopewa.

Wazee wetu wanamkumbuka mwanasiasa George Anyona. Julai 1990 alikamatwa Nairobi pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Njeru Kathangu, wakashtakiwa kwa mkutano wa uchochezi. Mwaka 1991 walihukumiwa kifungo cha miaka saba. Mwaka uliofuata walikuwa nje, na Desemba wapiga kura wa Kitutu Masaba wakamrudisha Anyona Bungeni. Mahakama ilimwita mchochezi. Wenyeji wakamwita mheshimiwa, na sijasikia mtu wa huku akijutia kura hiyo. Mwaka 1997, yeye akiwa mumo humo Bungeni, vifungu vya uchochezi dhidi ya serikali viliondolewa katika Sheria ya Adhabu.

Kikabaki Kifungu cha 132, kilichofanya kudunisha mamlaka ya afisa wa umma kuwa jinai, tena kikamtwika mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Mwanablogu Robert Alai alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa maneno aliyoandika mtandaoni kumhusu Rais Uhuru Kenyatta. Akaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2017 Jaji Chacha Mwita akakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo afisa anayetutisha leo kwa kosa la kudunisha mamlaka yake anatutisha kwa sheria iliyokwisha kuzikwa. (Najua, habari za mazishi hayo hazikufika kila ofisi.)

Sisemi uchochezi haupo. Sisi wa Nyamira tumeuona. Mapema 2008, kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, nyumba zilichomwa na watu wakauawa, majirani waliokuwa wakiuziana ng'ombe na mahindi soko moja. Mtu akisimama kusema kabila fulani lifungashe virago, huyo ndiye mchochezi, na ashikwe mara moja. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kusema, lakini hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Lakini ukimpa mama anayeuliza basari jina lile lile la aliyewasha kiberiti mpakani, unamficha mwenye kiberiti. Siku atakaporudi, nani atashtuka kusikia mchochezi yuko kijijini? Tumeshaambiwa wako kumi, na wote walikuwa wanauliza hesabu.

Nanyi vijana, mkiitwa wachochezi barazani msitukane. Tusi ndilo wanalolingojea. Rudieni swali pole pole, mkiomba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Na wewe chifu, wewe mkurugenzi wa kiwanda cha chai, baraza lijalo njooni na orodha ya basari na hesabu za majani. Mkija mikono mitupu, tutauliza tena.