Saa Moja Uwanjani Si Jaribio, Ni Tangazo

Wasee, tuambiane ukweli. Zile video za "nimejaribu uzi mpya wa raketi" zimejaa kwa simu zetu, na nyingi si majaribio. Ni matangazo. Msee anatumiwa uzi wa bure, raketi inafungwa asubuhi, anacheza saa moja, jioni anatuambia ati huu ndio uzi bora wa mwaka. Saa moja! Hata koili ya mbu haijafika nusu.

Shida ni kwamba uzi wa poliesta ni mtamu siku ya kwanza. Ni mgumu na unateleza: mpira ukigonga, nyuzi za wima zinasogea kisha zinarudi mahali pake kwa nguvu, na mpira unaondoka ukizunguka vibaya sana. Gustavo Kuerten alishinda French Open 1997 akitumia nyuzi za aina hiyo za Luxilon, na tangu hapo kila mtu anazitaka. Sawa. Lakini poliesta hupoteza mkazo haraka, na hufa kabla ya kukatika. Hiyo ndiyo sehemu ambayo video ya saa moja haiwezi kukuonyesha.

Wachezaji wakubwa wanajua. Kwenye mashindano makubwa mipira mipya huletwa baada ya gemu 7 za kwanza, kisha kila gemu 9, na wengi wao hapo ndipo wanachukua raketi nyingine yenye uzi fresh. Wewe una raketi ngapi, buda? Moja, na pengine ulirithi kwa cousin.

Mimi nilitumiwa poliesta mpya nikakaa nayo wiki 3. Raketi mbili za modeli moja, zote pauni 52: moja poliesta, nyingine nailoni ya kawaida ya nyuzinyuzi laini. Kila siku naandika saa. Saa 3 za kwanza poliesta ilikuwa moto, sitadanganya. Kufika saa ya 9, pigo lile lile lilikuwa linatoka nje ya mstari. Kufika saa ya 12, kiwiko kilikuwa kinauma nikiinua kikombe cha chai, nikaiweka chini. Nailoni ilikatika wiki ya tatu, lakini mkono ulikuwa sawa. Huo ni mkono wangu tu, si sheria ya dunia. Ila angalau nimekwambia saa, mkazo na nani alinipa uzi.

Walionitumia waliniuliza kama naweza kuposti kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Nikakataa. Hawajatuma kingine.

Najua mtasema, "Lakini poliesta haikatiki, na sisi hatuna doo." Hapo ndipo mtego ulipo. Uzi pamoja na kazi ya fundi ni nauli ya wiki nzima na zaidi, kwa hivyo mtoto wa miaka 15 atacheza na uzi uliokufa miezi 6 kwa sababu bado "uko mzima." Mpira haumtii, anapiga kwa nguvu zaidi, na mshtuko wote unaishia kwa kiwiko na bega. Uzi ukikatika unanunua mwingine. Kiwiko utanunua wapi?

Angella Okutoyi alichukua taji la wasichana wawili-wawili Wimbledon 2022, na watoto wa hapa wanaota kufika huko. Hao ndio wanaotazama video zako, wewe mwenye taa ya duara na kodi ya ofa. Hawana mtu wa kuwaambia uzi umekufa lini. Wewe ungeweza, lakini ulirudisha raketi kwa begi kabla ya jasho kukauka.

Kwa hivyo ukiposti jaribio, tuwekee vitu vinne: umecheza saa ngapi, mkazo ulikuwa pauni ngapi, mkono ulisikiaje, na nani alilipa. Ukishindwa, andika "tangazo" juu na hatutakusumbua.

Na wewe unayetazama, acha kuuliza uzi ni poa aje siku ya kwanza. Uliza saa ya kumi.